Wateja Wangu wa Jumatatu

Mimi ni kinyozi. Nimenyoa watu miaka ishirini na nane katika chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na redio inayoshika stesheni moja tu. Wateja wangu husema mdomo wangu ni mrefu kuliko mkasi wangu. Ni kweli. Nikikunyoa, utajua habari za mtaa mzima kabla sijafika kisogoni.

Lakini Jumatatu nilikuwa sisemi kitu.

Jumatatu naufunga mlango wa mbele. Wanaume wanajua ni siku yangu ya mapumziko. Mapumziko gani! Navuta pazia, nafungua mlango wa nyuma, ule unaotazama kamba za nguo za mke wangu, kisha nasubiri. Wanakuja mmoja mmoja. Wako wanne. Mmoja ni mshonaji, mmoja ni mpishi wa shule. Wawili waliobaki sijui wanafanya kazi gani, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Wanafungua mtandio, wanaegemeza kichwa, nami nawanyoa kidevu. Ni wanawake, na wana ndevu. Sisemi nywele mbili tatu. Nasema ndevu.

Wembe mpya, taulo safi, kwaheri. Nilijivunia sana kimya changu. Nilijiambia kwamba hawa wamepata mtu wa kuwasitiri, na kumsitiri mtu ni kumsaidia. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka ndevu zilipoingia nyumbani kwangu.

Tuna binti mmoja tu. Tulimpata baada ya miaka saba ya ndoa. Sasa ana miaka ishirini, yuko chuo cha ualimu. Tangu mdogo tunamwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa akipanga viatu vyetu mstari mmoja na kuvifundisha kusoma. Kiatu changu cha kushoto alikichapa sana, alisema hakisikii. Ndiyo maana mke wangu anaitwa Mama Mwalimu, nami Baba Mwalimu.

Alikuja likizo ya wiki sita. Wiki ya pili nikaona kidevu chake kina vipele vidogo vyekundu. Mtu mwingine angesema ni joto. Mimi ni kinyozi. Vile vilikuwa vipele vya wembe. Kesho yake nikakuta wembe wangu mmoja kwenye pipa la taka, umefungwa kwa karatasi mara nne.

 Je, nilimwuliza mwanangu? Sikumwuliza. Nilifanya kama ninavyofanya Jumatatu. Nilichukua pakiti ya nyembe mpya nikaiweka kwenye rafu ya bafuni, karibu na sabuni. Niliona nimekuwa baba mwema kupita wote.

Mke wangu naye alikuwa na macho yake. Yeye ni dobi, na nguo hazimfichi kitu. Akishika shati anajua mwenyewe amekula nini na amegombana na nani. Wiki sita alifua nguo za binti yetu. Wiki sita hakuona dalili yoyote ya siku za mwezi. Pakiti ya pedi aliyomnunulia siku ya kwanza ilikuwa bado haijafunguliwa. Sketi zake zilikuwa zimembana kiunoni. Na kila mchana alikuwa akilala.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, tukiwa tunakula chakula cha mchana, mke wangu aliweka kijiko chini.

"Miezi mingapi?" akauliza.

"Miezi mingapi ya nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mara ya mwisho kuziona siku zako ilikuwa lini?"

Binti yetu alitazama sahani. "Miezi minne. Unaingia wa tano."

"Ya nani?"

"Mama, sina mimba."

"Basi damu imekwenda wapi? Imesafiri?"

"Sijui! Wallahi sijui, mama. Sijawahi hata kuwa na mtu."

Mke wangu aliinuka. Alichukua begi la chuo, akaliingiza kabatini, akafunga, akatia ufunguo kifuani. "Chuo hakuna," akasema, "mpaka nimjue mwenye mimba."

 Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumanne. Mwanafunzi asiyeripoti ndani ya siku tatu, nafasi yake hupewa mwingine. Sheria hiyo tuliisoma wote watatu siku ya kwanza, kwa furaha, hatukujua itatugeukia.

Mwalimu alikimbilia kwenye chumba changu cha kunyolea. Nilimfuata. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kile kioo kibovu, machozi yanatiririka.

"Baba," akasema, "mimi nageuka mwanamume?"

Jamani! Sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo. Nilipiga magoti mbele ya kiti.

"Hapana, mwanangu. Nani kakuambia?"

"Nani aniambie? Siku zangu hazijawahi kukaa sawa tangu nianze. Zinakuja baada ya miezi miwili, mitatu, na sasa hazipo kabisa. Ndevu zinaota. Uso umejaa chunusi. Nanenepa hata nikila kidogo. Nikinyoa usiku, asubuhi nashika kidevu kabla ya kuinuka kitandani, naogopa. Na wewe ulijua. Uliniwekea nyembe."

"Nilidhani nakusaidia."

"Baba, mimi sikutaka wembe. Nilitaka mtu aniulize."

 Nikamwambia habari ya wateja wangu wa Jumatatu, bila kuwataja majina. Nilitaka ajue kwamba hayuko peke yake. Alifuta machozi, akanitazama kama anavyotazama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi.

"Wewe huwaambia nini?"

"Siwaambii kitu."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

"Kwa nini?"

 Nikamshika mkono, tukavuka barabara kwenda kwa Sista. Huyu ni jirani yetu, muuguzi wa kituo cha afya. Ni mwanamke mfupi, anasema haraka, na haogopi neno lolote la mwilini. Alisikiliza dakika mbili tu.

"Kesho saa mbili asubuhi, kituoni," akasema. "Na mama yake aje. Kama atakataa, mwambie mimi ndiye niliyemwita."

Mke wangu hakukataa. Alikuja amevaa kama anayekwenda msibani. 

Sista alimwingiza Mwalimu peke yake kwanza. Sisi alituacha kwenye benchi la nje. Mke wangu alitaka kuingia kwa nguvu.

"Mimi ni mama yake!"

"Na yeye ni mtu mzima," Sista akasema. "Nitamsikiliza yeye kwanza. Kaa, Mama Mwalimu."

Tulikaa. Mlangoni kulikuwa na pazia la kijani lenye tundu. Nililitazama tundu lile mpaka macho yakaniuma. Mke wangu alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Baada ya nusu saa tuliitwa ndani, kwa ruhusa ya binti yetu.

"Jambo la kwanza," Sista akasema. "Mwanamke akikosa siku zake, tunapima mimba. Hatukisii. Kipimo hiki hapa. Mstari mmoja. Hana mimba."

Nilishusha pumzi. Nikamgeukia mke wangu, nikitarajia naye atashusha. Lo! Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu. Alionekana ameogopa kuliko mwanzo.

"Hana kabisa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hana."

"Pima tena."

"Mama!" Mwalimu akasema. "Mbona unataka niwe nayo?"

 Sista alimtazama mke wangu, kisha akafungua daftari.

"Nina swali moja zaidi. Katika ukoo, yuko mwanamke aliyekuwa na shida kama hii? Siku zisizokaa sawa, nywele usoni, kuchelewa kupata mtoto?"

 Kwa mbali nilisikia mtoto akilia chumba cha chanjo.

"Mimi," mke wangu akasema.

Binti yetu aligeuka. "Wewe, mama?"

"Mimi. Miaka saba niliitwa gumba. Siku zangu zilikuwa zinakuja zinapotaka zenyewe. Ndevu nilizing'oa kwa kibano kila alfajiri, baba yako asione. Mpaka leo nang'oa. Nilidhani ni laana yangu mwenyewe, nikaificha, nikasema itazikwa na mimi." Alianza kulia. "Nilipoona nguo zako hazina kitu, nikaomba iwe mimba. Mimba ningeilea. Niliogopa kwamba nimekupa wewe shida yangu."

Mwalimu alimkumbatia mama yake. Nami nikakohoa.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Kibano. Mimi ni kinyozi, Mama Mwalimu. Kidevu nakijua."

"Miaka ishirini na saba ulijua, hukusema?"

"Hukusema, nami sikusema."

Sista alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Familia ya mabubu! Mngezungumza, mngekuja hapa zamani. Haya, sikilizeni."

Akaeleza, nami naeleza kama nilivyosikia. Mwilini mna homoni. Hizi ni kemikali zinazobeba ujumbe kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine. Zinafanya kazi kama kengele ya shule. Kengele ikilia kwa wakati, kila darasa linajua la kufanya. Ikilia ovyo, shule nzima inavurugika.

"Kila mwanamke ana homoni za kike, na pia ana kiasi kidogo cha homoni za kiume," Sista akasema. "Hilo ni jambo la kawaida. Lakini zile za kiume zikizidi, yai huenda lisikomae na kutoka kila mwezi. Hedhi inachelewa au inapotea. Nywele zinaota kidevuni na kifuani. Chunusi zinaongezeka. Wengine wananenepa, hasa kiunoni, ingawa wapo wembamba wenye shida hiyohiyo. Huna haja ya kuwa na dalili zote."

"Kwa hiyo sigeuki mwanamume?" Mwalimu akauliza.

"Wewe ni mwanamke ambaye homoni zake hazijakaa sawa. Basi. Na wako wengi sana."

"Na nikinyoa, zinazidi kuwa nyingi?"

"Hapana. Wembe hauongezi nywele. Muulize baba yako."

Niliitikia kwa kichwa kwa nguvu. Hapo angalau nilikuwa na la kuchangia.

"Lakini bado sijasema una ugonjwa gani," Sista akaendelea. "Hedhi inaweza kupotea kwa sababu nyingine pia. Tezi ya shingoni ikifanya kazi polepole, au msongo wa mawazo, au kupungua sana uzito. Ndiyo maana leo daktari atakupima damu, pamoja na sukari. Kisha mtakwenda hospitali kubwa kwa kipimo cha picha ya tumbo. Majibu kesho."

"Na kama tungenyamaza tu?" nikauliza.

"Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hujengwa kila mwezi, na hedhi huuondoa. Ukikaa miezi mingi bila kuondolewa, unanenepa. Miaka ikipita hivyo, saratani inaweza kuingia. Sisemi anayo. Nasema tusingoje. Mwanamke akikaa miezi mitatu bila hedhi na hana mimba, aje. Akitokwa damu nyingi mfululizo, aje haraka zaidi."

Ile siku na usiku wake sijui vilipitaje. Binti yetu alilala kitanda kimoja na mama yake. Niliwasikia wakinong'ona, kisha wakicheka, kisha wakilia. Mimi nilinoa mikasi yote, hata ile isiyotumika.

Jumamosi ndiyo siku yenye wateja wengi. Mke wangu na Mwalimu walikwenda wenyewe kuchukua majibu. Nilibaki nikinyoa huku masikio yangu yako barabarani. Mteja mmoja, fundi bomba, aliniomba nimpunguze nywele tu. Nilipozinduka, nilikuwa nimemwondolea nusu ya masharubu.

"Kinyozi!" akaruka. "Nimekukosea nini?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Mwanangu yuko hospitali."

Alijitazama kwenye kioo, akakaa tena. "Basi ondoa na nusu nyingine. Siwezi kwenda nyumbani na upande mmoja."

Nilikuwa namalizia nusu hiyo walipoingia. Mke wangu ndiye aliyetangulia. Nilimtazama usoni. Alikuwa amechoka, lakini ile rangi ya kijivu ilikuwa imeondoka.

Tulikwenda nyuma ya pazia. Mwalimu alinifafanulia kama yuko mbele ya darasa. Tezi ya shingo ni nzima. Sukari imepanda kidogo, si ugonjwa bado. Picha imeonyesha vifuko vidogo vingi kwenye ovari, yanakokaa mayai. Vifuko hivyo si uvimbe, na havihitaji kukatwa. Ni mayai ambayo hayakukomaa. Hali hiyo ina jina refu, lakini maana yake ni ovari zenye vifuko vingi.

"Inapona?" nikauliza.

"Inatulizwa, baba. Itabidi niifuatilie miaka yote, kama mtu anayefuatilia presha. Nitatembea kwa miguu nusu saa kila siku. Nitaacha soda na vitu vya sukari, nile mboga, maharage, matunda. Hata nikipungua uzito kidogo tu, mwili unasaidika. Na nimepewa vidonge vya kurudisha hedhi."

"Vya uzazi wa mpango," mke wangu akasema, mkono kiunoni. "Nilipiga kelele mpaka daktari akaja mbio. Mtoto hajaolewa, mnampa vidonge vya uzazi wa mpango?"

"Wakasemaje?"

"Wakasema kwake ni dawa ya kulinda mfuko wa uzazi. Walimpima presha kwanza, wakamwuliza maswali mia, maana si kila mwanamke anafaa kuvitumia. Wengine hupewa dawa nyingine. Wakaniambia pia niache kumtafutia mizizi ya kuchemsha." Akanitazama kwa aibu. "Nilikuwa nimeshaagiza."

"Na watoto?" nikauliza polepole. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuuliza.

"Wengi wanapata," Mwalimu akasema. "Wengine wenyewe, wengine kwa kusaidiwa na dawa. Mama alinipata mimi, sivyo?"

Mke wangu alitoa ufunguo kifuani. Alifungua kabati, akatoa begi, akaanza kupiga pasi nguo za chuo, moja moja, hata soksi. Mwalimu alimwambia soksi hazipigwi pasi. Mama yake akamwambia anyamaze.

Jumatatu asubuhi tulimsindikiza. Kabla hajaondoka alinishika bega.

"Leo Jumatatu, baba. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Siku hiyo alikuja mshonaji. Alifungua mtandio, akaegemeza kichwa. Nilipaka povu. Nilifungua mdomo wangu, ule mdomo mrefu kuliko mkasi. Nikaufunga. Nilimnyoa, akaondoka. Wiki iliyofuata vilevile. Niliogopa kwamba nikiuliza, hatarudi, na wenzake hawatarudi. Nasema ukweli: mimi ni mwoga.

Mwezi wa nne tangu aondoke, simu ililia mke wangu akiwa na mikono kwenye povu. Niliipokea mimi, nikaiweka sikioni kwake.

"Mama, zimekuja! Mwezi wa tatu mfululizo, tarehe zilezile! Na chunusi zinapungua. Nywele bado, lakini Sista alisema hizo zinahitaji subira, miezi sita na zaidi."

Mke wangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje kuuliza nani anaolewa. "Hakuna," akasema. "Nguo zimekauka vizuri!"

"Mama, baba aliwaambia?"

"Hajawaambia," mke wangu akasema, akinitolea macho. "Taulo za Jumatatu nazifua mimi. Nawaona wakiingia kimya na kutoka kimya, wanne walewale."

Jumatatu iliyofuata mshonaji alikuja. Nilipaka povu. Nikaweka wembe chini.

"Dada," nikasema, "hedhi yako inakuja kila mwezi?"

Aliruka kutoka kitini kama ameungua, povu limemjaa kidevuni. "Unasemaje wewe? Nimekuja kunyolewa au kuvuliwa nguo?" Akachukua mtandio wake, akaushika mlango wa nyuma.

Mlango ulifunguliwa kutoka nje. Mke wangu alisimama pale na taulo mkononi. Alimtazama mshonaji, akazitua taulo kwenye meza. Kisha akainua kidevu chake kuelekea dirishani, mahali penye mwanga.

"Dada," akasema, "tazama hapa. Leo sijang'oa."

Mshonaji alitazama. Alisogea karibu, akatazama tena. 

"Na binti yangu anazo," mke wangu akasema. "Jirani yetu muuguzi alitupeleka hospitali. Kumbe zina jina, na zina dawa."

Mshonaji alirudi kitini polepole. Povu lilikuwa limeanza kukauka. Alinigeukia na macho yamejaa machozi.

"Miaka kumi na moja unaninyoa," akasema. "Miaka kumi na moja kichwa changu kiko mikononi mwako. Leo ndiyo unauliza?"

"Nisamehe, dada."

 Mke wangu alivuta kile kiti cha pili, akakaa pembeni yake.

"Haziji kila mwezi," mshonaji akasema hatimaye. "Hazijawahi. Huyo muuguzi wenu anapatikana saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," nikasema. Kisha nikapaka povu jipya.